Kushea mafaili na kuingia kompyuta ya mbali: kipi ulipie, kipi uache

Waulize watu wa kazini wanapeanaje mafaili, na ukweli ukisemwa utasikia WhatsApp na barua pepe. Gmail haikuruhusu kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25, basi kikubwa kinapitishwa kwenye simu, na wiki mbili baadaye kuna "Bajeti_mwisho", "Bajeti_mwisho2" na "Bajeti_HII NDIYO", kila moja kwa mtu wake. Hapo ndipo bosi anaposema tununue kitu, na timu nyingi zikaishia kununua vitu viwili huku kimoja kingetosha.

Kushea mafaili ni faili kukaa mahali pamoja na kila mwenye ruhusa kulifungua alipo. Kuingia kompyuta ya mbali ni kuona skrini ya mashine iliyo kwingine na kuiendesha kama umeikalia mbele. Kama kazi yenu ni barua, majedwali na picha, la kwanza linatosha. La pili linahitajika pale programu yenyewe haihamishiki: ya uhasibu iliyowekwa kwenye mashine moja, au ya video inayotaka kompyuta yenye nguvu. Au mwenzako amekwama na unataka umtengenezee kitu bila kumfuata alipo.

Nimepanga huduma hizi kwa swali moja: mtu akiacha kazi leo jioni, mafaili yanabaki kwa nani, na funguo anazo nani? Ukubwa wa nafasi nauangalia baadaye, maana nafasi huongezwa kwa kulipia. Faili lililoondoka na akaunti ya mtu ni habari nyingine.

Mafaili

Namba moja ni Google Workspace, kwa sharti la kutumia hifadhi za pamoja. Sharti hilo ndilo lenye uzito. Kwenye Drive ya kawaida, faili ni mali ya aliyelitengeneza hata kama mnalitumia watu ishirini. Akaunti yake ikifutwa bila mafaili kuhamishwa, yanaondoka nayo, na msimamizi ana siku 20 tu za kuirudisha akaunti hiyo. Kwenye hifadhi ya pamoja faili ni la taasisi, watu wanakuja na kuondoka. Kabla ya kulipa, hakikisha kifurushi unachochagua kinazo hifadhi hizo. Akaunti ya bure ya GB 15, ambazo pia zinatumiwa na Gmail na picha, si ya kuendeshea ofisi.

Faida yake nyingine inaonekana siku ya kwanza: watu watatu wanaandika kwenye hati moja, kila mmoja anaona mshale wa mwenzake ukitembea, na hakuna nakala ya pili. Udhaifu uko kwenye majedwali mazito ya Excel. Makro za VBA, yaani amri zinazojiendesha ndani ya Excel, hazifanyi kazi kwenye Google Sheets, na mhasibu wako atakuambia hivyo kabla hujamaliza sentensi.

Kwa hiyo, kama mhasibu ndiye mwenye kauli, Microsoft 365 inapanda kutoka namba mbili hadi namba moja. Vifurushi vingi vya biashara vinampa kila mtumiaji TB 1, na Excel ni ile ile mnayoijua. Mtego wake uko kati ya OneDrive na SharePoint. OneDrive ni kabati la mtu binafsi. Akaunti yake ikifutwa, kwa mpangilio wa kawaida mafaili yake hukaa siku 30 kisha yanafutwa. SharePoint ni ya timu, na huko ndiko yanakokwenda mafaili mnayoweka kwenye chaneli za Teams. Weka kanuni siku ya kwanza kwamba kazi ya timu haikai OneDrive. Mkichelewa, mtakuja kuhamisha folda moja moja.

Dropbox naiweka ya tatu, ila kwa wabunifu na watu wa video ingekuwa juu zaidi. Ukibadilisha kitu kidogo kwenye faili kubwa, inapakia vipande vilivyobadilika tu badala ya faili zima, na kwa mwenye bando dogo hiyo ni tofauti ya dakika na saa. Ya bure ni GB 2, inatosha kuonja tu. Watu wawili wakihariri faili moja kwa wakati mmoja, Dropbox haichagui nani mshindi: inaacha lile la kwanza na kuweka la pili pembeni kama nakala yenye mgongano, likiwa na jina la aliyelihariri na tarehe. Ni uungwana, lakini kuunganisha nakala hizo mbili ni kazi yenu.

Nextcloud, iliyoanza 2016, ni programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) unayoiweka kwenye seva yako. Mafaili hayatoki mikononi mwenu, kwa hiyo kwa swali langu ingeshinda zote. Naishusha hadi ya nne kwa sababu "bure" yake inalipiwa kwingine: seva, nakala za akiba, masasisho ya usalama, na mtu wa kuamka usiku ikizima. Kama huwezi kumtaja mtu huyo kwa jina sasa hivi, iache.

Syncthing siiingizi kwenye orodha ingawa naipenda. Inasawazisha folda kati ya kompyuta na kompyuta bila seva ya katikati kuhifadhi kitu, na haina malipo. Lakini mashine zote mbili lazima ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, na haikupi linki ya kumtumia mteja. Ni nzuri kwa watu wawili, haitoshi timu.

Muuzaji hatalisema hili kwa sauti: kusawazisha si kuhifadhi akiba. Ukifuta faili kwako, linafutika kwa wote. Kirusi kikifunga mafaili ya mmoja, yaliyofungwa ndiyo yatakayosambazwa. Uliza matoleo ya zamani yanakaa muda gani. Kwa PDF, picha na mafaili mengine yasiyo ya Google, Drive inaweza kufuta matoleo ya zamani baada ya siku 30 au yakizidi 100. Nakala ya akiba iwe kwingine kabisa.

Kompyuta ya mbali

Kwa kazi ya kila siku kwenye mashine ya ofisini, ya kwanza ni ile ambayo huenda tayari mnayo: Remote Desktop ya Windows. Kompyuta inayoingiwa lazima iwe na Windows Pro au ya juu yake. Yenye Home inaweza kuingia kwingine lakini haiingiwi. Ukiingia, skrini ya ofisini inajifunga, kwa hiyo anayepita karibu na meza yako haoni mishahara unayoihariri. Na kumwondoa mtu ni suala la kufunga akaunti yake tu.

Kosa linalofanywa ni kufungua poti 3389, mlango unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye ruta ili ipatikane moja kwa moja kutoka intaneti. Usifanye hivyo, na fundi akipendekeza hivyo, tafuta mwingine. Mwaka 2019 tundu la usalama lililoitwa BlueKeep liliruhusu mtu kuingia kwenye Windows za zamani kupitia njia hii bila nywila, hadi Microsoft ikatoa kiraka hata kwa Windows XP iliyokuwa imeshaachwa. Pitisheni ndani ya VPN, njia ya siri ambayo wenye ruhusa tu ndio wanaoingia. WireGuard na Tailscale zinafanya kazi hiyo vizuri.

TeamViewer na AnyDesk, zote za Ujerumani, nazipa nafasi ya pili, na kwa kumsaidia mtu nazipa ya kwanza. Hapa mnaona skrini moja nyote wawili: mwenzako anakutazama ukibonyeza, anajifunza. Kwenye mpango wa kulipia mna orodha moja ya mashine zote, na anayeondoka anatolewa mara moja. Soma leseni kwa makini, kwani nyingine huhesabu vikao vinavyofunguliwa kwa wakati mmoja. Toleo la bure la TeamViewer ni la matumizi binafsi. Likihisi biashara, linaanza kukukatia. Na Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake ilivamiwa na kuwashauri wateja wabadilishe nywila, kwa hiyo weka uthibitishaji wa hatua mbili yoyote utakayochagua. Matapeli nao wanazipenda programu hizi: waambie wote kwamba anayepiga simu akiomba namba ya kuunganisha, na hamkumwita, akatiwe.

Chrome Remote Desktop ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa mtu mmoja na kompyuta yake sina neno. Kwa timu inaanguka kwenye swali langu, kwa sababu mashine inafungwa kwenye akaunti ya Google ya aliyeiweka. Ukiitumia kumsaidia mwenzako, anakupa msimbo wa mara moja, na kila baada ya dakika 30 anaulizwa kama aendelee.

RustDesk ni Nextcloud ya upande huu: huria, seva yako, shida zako. Na kama mnasaidiana mara chache tu kwenye Windows 10 au 11, msinunue chochote. Quick Assist ya Microsoft, ya kumsaidia mtu kwa mbali, haina malipo.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, lipieni mwezi. Zimeni usingizi wa mashine ya ofisini, maana ikilala hakuna programu itakayoifikia, na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) wekeni ijiwashe umeme ukirudi. Kisha anayejaribu awe yule mwenye intaneti mbovu kuliko wote, siku nzima ya kazi. Kipanya kikichelewa, punguzeni ubora wa picha. Kikiendelea kuchelewa, mtu huyo mpeni mafaili afanyie kazi kwake.