Saanane kwa boti na kayaki: mawe yana mengi kuliko swala

Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria, iko pua na mdomo na Mwanza, na ukaribu huo huwaponza wengi. Wanavuka saa sita mchana, wanaona swala pala wamejilaza kivulini, wanarudi wakisema hakuna kitu. Hifadhi yote ni 2.18 km² tu, pamoja na maji yake. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Anayetaka makundi ya nyumbu aende Serengeti. Hapa raha iko kwenye mawe.

Boti ni za ofisi ya hifadhi, Capri Point mjini Mwanza, na safari ni ya dakika chache. Malipo ni kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo salio liwe kwenye simu kabla hujafika. Omba boti ya mapema kabisa. Pimbi hawamudu vizuri joto la miili yao, ndiyo maana asubuhi hutoka kuota jua wakiwa wamebanana jiweni. Ile michirizi myeupe mwambani ni mkojo wao. Hukojoa palepale miaka nenda rudi. Karibu yao tafuta mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, Agama mwanzae, aliyepewa jina la Mwanza yenyewe.

Kwa boti peke yake, nusu siku inatosha na nauli haikuumi. Kayaki ndiyo inayokufikisha walipo mnandi, ndege wa majini wanaoanika mabawa, ila panga kwanza na askari wa hifadhi, maana maji ya kuzunguka kisiwa nayo ni ya hifadhi.

Ukikodi, kagua kizibo cha nyuma kabla hujalipa. Kikilegea, maji huingia ndani ya kayaki taratibu bila wewe kuyaona. Utahisi tu imekuwa nzito na inayumba. Itikise ikiwa nchi kavu: ukisikia maji yakicheza ndani, achana nayo. Jaketi okozi likivutwa mabegani lisipande hadi masikioni.

Toka asubuhi ziwa likiwa limetulia, uwe umerudi kabla ya saa tano. Baadaye upepo wa ziwani huamka, na mawimbi yakigonga mwamba hurudi na kukutana na yanayokuja. Hapo ndipo kayaki hupinduka, mita tatu nne tu kutoka jiweni, mahali ambapo mgeni anadhani ndipo salama. Kaa mbali na miamba, angalau urefu wa kayaki tatu. Chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari ni maboya ya makila, yaani nyavu za wavuvi. Zunguka, usikatize katikati, kafi litanasa.

Usishukie penye matete. Mamba wapo, na kichocho kipo. Ukilowa, kapime baada ya wiki sita hadi nane, si kesho yake. Na gugumaji likiziba ghuba uliyopitia, usilitoboe kwa nguvu. Tafuta upande ambao upepo unalisukuma kutoka ufukweni, utokee huko hata kama ni mbali zaidi.