Gallica kwa mfuatiliaji wa maasi ya Ufaransa: Fronde tele, wakulima kiduchu

Gallica ni maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Kusoma ni bure, na huhitaji kujisajili. Kwa anayechimba maasi ya karne ya 16 na 17 ni mgodi hasa, ila asiyejua pa kupiga sululu atatoka na mchanga.

Wengi hukwama kwenye tahajia. Ukitafuta "croquants", yaani wakulima walioasi kusini-magharibi mwaka 1636 na 1637, utaletewa zaidi maandishi ya karne ya 19. Wachapaji wa zama zile waliandika "Croquans". Mfalme alikuwa "Roy", ushuru "impost". Tena ile s ndefu inafanana na f, kwa hiyo kompyuta ikisoma ukurasa, "impost" hugeuka "impoft". Tafuta maumbo yote mawili. Palipo na matini yaliyosomwa na kompyuta, Gallica hukadiria asilimia ya usahihi wake; ikiwa ndogo, achana nayo usome picha.

Uhondo wenyewe ni mazarinades, vijitabu vya kumshambulia Kadinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme (vingine vilimtetea), wakati wa Fronde, maasi ya mahakimu wa Paris na makabaila dhidi ya serikali ya mfalme, 1648 hadi 1653. Vilitoka takribani 5,000. Vingi ni karatasi moja iliyokunjwa mara mbili ikatoa kurasa 8, herufi zimechakaa, mistari imepinda: kazi ya haraka, ya kuuzwa mkononi pale kwenye daraja la Pont-Neuf, Paris. Anza na ukurasa wa jina. Ukiona "jouxte la copie", ujue kimechapwa upya kwa kufuata chapa nyingine. Mwaka 1649 peke yake haukufikishi mbali, maana ndio uliofurika vijitabu. Angalia ndani: Paris bado imezingirwa na jeshi la mfalme, au mapatano ya Rueil ya 11 Machi, yaliyomaliza mzingiro huo, yameshatiwa saini?

Kero kubwa ni majalada. Wakusanyaji wa zamani walishona vijitabu vingi pamoja, na katalogi huweza kukupa jina la jalada tu. Dawa ni namba za Célestin Moreau, aliyeviorodhesha vijitabu hivi mwaka 1850 na 1851. Ukiwa na namba, linganisha na nakala za Bibliothèque Mazarine, maktaba ya Paris ambayo kwa vijitabu hivi ina akiba kubwa mno.

Kwa makabwela hali ni nyingine. Nu-pieds ("miguu peku") wa Normandie, walioinuka 1639 kupinga kodi ya chumvi, hawakuwa na wachapaji wa Paris nyuma yao. Unayemsikia zaidi ni aliyetumwa kuwaadhibu: shajara ya safari ya Kansela Séguier, iliyochapwa 1842, inafaa, lakini isome ukijua kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Jalada nene usilipakue zima. Chagua kurasa unazozitaka, kisha nakili kiungo cha kudumu chenye neno "ark". Picha kwa utafiti ni bure.