Miezi saba katika nyumba ya mpito ya wanawake walioacha pombe, Nakuru: uzoefu wangu

Niliingia katika nyumba hii Februari 2023, siku tatu baada ya kumaliza siku 90 katika kituo cha kurekebisha waraibu, na nikatoka Septemba mwaka huohuo. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu wanawake waliomo wana waume, wakwe na waajiri ambao si wote wanaojua waliko. Inatosha kusema kwamba iko upande wa Lanet, ina vyumba vitano vya kulala na bustani ndogo ya sukuma wiki nyuma, na langoni hakuna kibao chochote.

Kabla ya kwenda nilidhani nyumba ya mpito ni kituo kingine cha matibabu chenye bei nafuu, na nimekutana na wengi wanaodhani hivyo. Hakuna daktari anayelala pale, na mtu ambaye bado anakunywa hapokelewi. Matroni ana haki ya kulishikilia jambo hili, kwa kuwa aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, hali ambayo inaweza kumuua. Mtu huyo anafaa kuwa hospitalini. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na simu hiyo haitozwi pesa. Nyumba ya mpito ni ya baada ya hapo, mwili ukiwa umekwisha kutulia lakini maisha yanayokungoja ni yaleyale uliyoyaacha.

Mimi huuza mahindi na maharagwe kwa gorogoro katika Soko la Wakulima. Kwa miaka minne nilificha chupa ndogo ndani ya gunia la njahi, na wateja walidhani nasinzia kwa uchovu. Kituoni nilifundishwa kuacha, nami nashukuru kwa dhati. Lakini kule sikushika pesa, sikupita mbele ya baa, wala sikuwa na jioni ya kwangu mwenyewe. Udhaifu wangu ulikuwa hapo hasa, saa za jioni nikiwa na noti mfukoni, na ninaisifu nyumba hii kwa kuwa waliopanga taratibu zake walielewa jioni ni kitu gani kwa mtu kama mimi.

Siku za kazi tulitakiwa tuwe ndani kufikia saa 11 jioni, saa ileile ambayo sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 inaruhusu baa kuanza kuuza. Nililalamika sana, kwa maana wateja wangu wengi hununua wakitoka kazini, na katika miezi miwili ya kwanza nilipoteza mauzo ambayo niliyahitaji. Baada ya hapo niliruhusiwa kufika saa 1 usiku, mradi niandamane na mwenzangu aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba karibu na steji. Tulipofika tuliketi mezani pamoja na wengine, tukikata mboga, kila mmoja akieleza siku yake ilivyokwenda, alikutana na nani njiani na ameuza kiasi gani. Nilihesabu pesa mbele ya mwenzangu, nikatenga za kununulia mzigo, za kodi na za mtoto, na zilizobaki tukaamua pamoja zitafanya nini. Hakuna aliyeninyang'anya simu wala pochi. Usiku wowote, bila kutangaziwa, tungeweza kuambiwa tupulize alkoblo, kifaa kilekile cha kupima pombe katika pumzi ambacho madereva wanakijua, na baada ya wiki chache nilikuwa nikikipuliza kwa furaha, kwa kuwa kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kuthibitisha kwamba sisemi uongo.

Nililipa shilingi 9,000 kwa mwezi pamoja na chakula. Mwezi wa kwanza nililipiwa na kaka yangu. Kati ya hizo, 1,000 ziliwekwa kando na nikarudishiwa zote nilipotoka.

Kuhusu kukaa wanawake watupu, sikuwa nimeona umuhimu wake hadi jioni moja mshauri nasaha alipotueleza kwamba mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume, hivyo kiasi kilekile cha pombe huwa kikali zaidi katika damu yake, na ini lake huharibika mapema. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijilinganisha na mume wangu, ambaye tulikunywa pamoja naye akasimama wima, nikajiona mtu duni. Nililia mbele ya wenzangu bila aibu. Baada yangu mmoja akasimulia jinsi alivyokuwa akinyonyesha akiwa amelewa, na sidhani angeweza kulisema hilo mbele ya mwanamume yeyote.

Matroni alituambia kwamba utaratibu wa kupiga kura na kugawana kazi waliuiga kutoka nyumba za Oxford House, zilizoanzia Maryland, Marekani, mwaka wa 1975, ambako wakazi hujiendesha wenyewe na anayekunywa hutolewa mara moja. Hapa kwetu aliyeteleza hutoka kwa siku 30, matroni akimpigia simu kila siku, kisha tunapiga kura kama arudi. Mwenzetu mmoja aliteleza mwezi wa Juni. Nilipiga kura arudi, naye akarudi, lakini siku hizo 30 alizimaliza kwa mwanamume yuleyule aliyekuwa akimnunulia pombe, kwa kuwa hakuwa na kwingine. Naamini nyumba inayomtoa mtu ina wajibu wa kumtafutia pa kulala.

Kasoro iliyoniumiza zaidi inahusu watoto. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alibaki Njoro kwa mama yangu, na niliruhusiwa kumwona Jumamosi tu, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11. Nilimwambia matroni, "Mama, huyu mtoto ndiye sababu ya mimi kuja hapa." Alinisikiliza kwa upole, akanijibu kwamba vyumba ni vya watu wawili wawili na hawezi kumweka mtoto mahali ambapo mtu anaweza kurudi usiku akiwa amelewa. Namwelewa, na bado sikubaliani naye, kwa sababu nawajua wanawake wawili pale sokoni waliokataa kuja kwa kukosa nyanya wa kuwaachia watoto, na wote wawili wanaendelea kunywa. Ikiwa una mtoto mdogo, liulize swali hilo kabla ya kulipa chochote, na uulize pia kama unaweza kumpigia simu kila usiku kabla hajalala. Mimi niliruhusiwa, nusu saa kila siku, na bila simu hizo nisingefika Aprili.