Konvertisa ya "wati 2000" kwa prizi ya bene: mashine inafaa, nyaya zake hazifai

Seti hii utaikuta Birere, mjini Goma, kwenye vibanda vya vifaa vya gari: konvertisa ya kugeuza volti 12 kuwa 230, nyaya mbili fupi, nyekundu na nyeusi, makoleo ya kubana kwenye batri, na prizi (soketi) ya nje yenye kifuniko cha plastiki. Wanunuzi ni wenye pikapu wanaotaka umeme kwenye bene, yaani nyuma pa kupakia mizigo: wa kukata vyuma kwenye shantie (mahali pa ujenzi), wa kuwasha taa usiku, wa kuchaji simu huko ambako nguzo za umeme hazijafika.

Kwanza, ule uongo wa kwenye kartoni. Geuza konvertisa uhesabu fyuzi zake za nyuma. Ziko tatu, kila moja ya ampea 30, jumla 90. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 1080 zinazoingia, na karibu sehemu moja ya kumi hupotea kuwa joto. Kinachotoka hakifiki 1000. Hiyo 2000 ni ya kufumba na kufumbua, pale motari inapoanza kuzunguka. Kwa mashine ya wati 1000 bei si mbaya. Kwa ya 2000 umedanganywa.

Nyaya za ndani ya kartoni ni za kutupa. Kwangua moja kwa kisu: nje rangi ya shaba, ndani nyeupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na upinzani wake unazidi ule wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu. Makoleo nayo ni ya majaribio tu. Barabara zetu za mawe ya lava zitayalegeza kabla hujafika Sake, mji wa jirani.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kufunga konvertisa ndani ya bene, karibu na prizi, kisha kuvuta waya wa volti 12 kutoka kwenye batri hadi nyuma. Ni kinyume kabisa. Mzigo wa wati 1000 kwa volti 12 unavuta ampea 95 hivi; mzigo uleule kwa volti 230 unavuta ampea 4 na kidogo. Sasa safari ndefu umpe nani, kama si waya wa volti 230? Ukivuta shaba ya milimita 16 za mraba mita 5 kwenda na 5 kurudi, volti 1 nzima inabaki njiani. Batri yenyewe ikishabanwa na mzigo imeshuka, konvertisa inaona volti 10 na nusu, inaanza kulia, kisha inazima. Mwenye gari anakimbilia kununua batri mpya, kumbe batri haina kosa.

Konvertisa ikae nyuma ya kiti, ndani ya kabini, mbali na mvua na lile vumbi jeusi. Iachie nafasi ya vidole vinne kila upande ili feni ivute hewa, na usiifunike kwa koti. Kutoka kwenye batri leta shaba ya milimita 35 za mraba, mita 3 hivi kwenda na 3 kurudi. Hapo unapoteza kama volti 0.3 tu. Fyuzi ya ampea 125 ikae kwenye waya mwekundu, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye batri. Zile za nyuma ya konvertisa hazilindi waya. Waya ukisuguliwa na bati hadi ukaguse bodi, kinachowaka ni gari. Kwa hiyo kila tundu la kupitisha waya livalishwe pete ya mpira. Kosi za shaba, vile vichwa vya kufungia ncha za waya, zibanwe kwa presi yake; anayezigonga kwa nyundo anakuachia hewa ndani, na hewa ndiyo joto.

Kutoka kwenye konvertisa hadi bene inatosha kebo ya mpira ya nyaya tatu za milimita 1.5 za mraba. Prizi ya seti ina kifuniko chepesi kinachopasuka kwa kugongwa na bidoni moja. Nunua ya IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji ya kurushwa), yenye pini ya ardhi kama za nyumbani. Ifunge juu kwenye ukuta wa bene, si chini ambako maji hutuama na magunia ya makala hukandamiza. Kabla ya kutoboa, chungulia chini: kuna tanki na mabomba ya breki. Bati lililokatwa lipake rangi siku hiyohiyo. Kebo ishuke kidogo chini ya prizi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke pale.

Difransieli ya miliampea 30, kile kikata umeme cha kukinga mtu asipigwe na umeme, hapa isikupe usingizi. Konvertisa nyingi za aina hii hazina nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyofungwa kwenye ardhi, basi difransieli haina njia ya kuona hitilafu. Wala usiunganishe nyutro na bodi kwa nguvu, unaweza kuichoma mashine. Tumia chombo kimoja kwa wakati mmoja.

Umeme wake si wa mawimbi laini. Chaja, kompyuta na taa zinaukubali, feni inanguruma, friji usijaribu. Mashine ndogo ya kukata chuma ya wati 700 inakwenda, injini ikiwa inanguruma juu kidogo ya sileni, ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Injini ikiwa imezimwa, batri ya Ah 70 (ampea-saa 70) inakupa saa moja hivi kwa mzigo wa wati 300 ikiwa unataka gari liwake tena. Na pima batri kabla ya yote: Fuso na baadhi ya Land Cruiser zina volti 24, zitaiua konvertisa hii papo hapo.

Anayelalamika kwamba wati 950 ni kidogo ajue kuwa matoleo kadhaa ya Toyota Tacoma, pikapu ya Marekani, ya kabla ya 2024 yalitoka kiwandani na prizi ya bene ya wati 400, tena ya volti 120.

Ukimaliza, washa injini, chomeka mzigo wa wati 700, pima volti kwenye batri, kisha kwenye midomo ya konvertisa. Tofauti ikizidi nusu volti, gusa kosi moja moja kwa mgongo wa kidole. Inayounguza ndiyo mwizi.