Fundi wa Kibuye aliyeiponya korasi yangu

Ukiwa Kisumu na pedali ya zamani ya gitaa, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti yake, mpelekee mzee anayetengeneza redio upande wa nyuma wa soko la Kibuye. Mimi nilimpelekea Boss CE-2, pedali ya buluu ya korasi, yaani ya kuipa sauti mawimbi, iliyoanza kuuzwa 1979, niliyoachiwa na mjomba aliyepiga benga. Taa yake ilikuwa hafifu na sauti ilikatika nikiikanyaga.

Fundi mwingine alikuwa ameshaniambia chipu imekufa, nilipe elfu nne. Niliumia sana.

Mzee hakugusa chipu. Alichomoa adapta, akaweka betri ya volti 9. Taa ikawaka vizuri!

“Kijana wangu, soma hapa.”

Kumbe imeandikwa ACA. Pedali za aina hiyo zilitengenezewa adapta ya zamani yenye volti za juu kidogo. Ukiipa 9 kamili za adapta za leo, inalala njaa. Miaka miwili nimekuwa nikiitesa bila kujua.

Kisha akanipa lenzi yake. Pale waya wa kuingiza sauti unaposhikana na ubao, palikuwa na pete nyeusi nyembamba kama unywele: lehemu imepasuka. Niliporudi kuichukua, alikuwa ameinyonya yote na kutia mpya. Akaniambia, “Kanyaga.” Nikakanyaga mara kumi. Haikukatika, na ile sauti ya mawimbi ya mjomba ikajaa kibandani.

Alinitoza shilingi 600. Ila usimwamini kwa siku: aliniambia Jumanne, nikaichukua Ijumaa. Na betri nenda nayo, yeye hauzi.