It Starts with Us: nimemkasirikia muuzaji, nimemkasirikia Atlas, lakini kitafuteni

Nianze na muuzaji, maana bado nina hasira naye. Kitabu hiki cha Colleen Hoover nilikinunua kwa muuza vitabu wa barabarani pale Posta, Dar es Salaam. Kabla sijatoa hela nilimuuliza, kaka, hiki orijino? Akaapa. "Orijino kabisa dada yangu, mzigo mpya huu." Jalada lilikuwa linang'aa. Ndani sasa! Karatasi nyeupe pee za fotokopi, na maandishi yamesogea katikati mpaka ukikandamize kitabu kwa mikono miwili ndipo uone neno la mwisho wa mstari.

Hayo ningeyavumilia. Lakini nilifika pale Ryle, mume wa zamani wa Lily, mhusika mkuu, anapong'amua kwamba jina la pili la binti yao Emmy, yaani Dory, lina uhusiano na Atlas, yule kijana Lily aliyempenda tangu usichana. Anakuja kwa Lily amefura. Mimi nimekaa wima kitandani, nafunua ukurasa, na ninayoyaona nimeshayasoma juzi. Bunda zima la kurasa limefungwa mara mbili, na bunda lililotakiwa kuwepo pale halipo.

Nikamrudishia. Akakipitisha kidole pembeni, akaniangalia, akasema, "Dada, si umeshasoma karibu chote? Mapenzi ni yale yale, mwisho wanaoana." Mwenzake akacheka. "Mtu mzima unagombea hadithi za mapenzi?" Hela hakurudisha, kitabu hakubadilisha, na juu ya hapo kaniambia mwisho. Maana ni kweli, wanaoana.

Basi nikamalizia kilichobaki kwa kisirani, na kwa hali ile nilikuwa tayari kukipa nyota moja. Sababu yangu ilikuwa Atlas. Tunaambiwa hii ni hadithi ya mwanamke aliyepigwa na mumewe, akaachana naye, na sasa anajifunza kumwamini mwanaume tena. Halafu mwanaume mwenyewe ni huyu: mpishi, ana migahawa Boston, ana subira, anajibu meseji, anaomba ushauri wa mapenzi kwa Theo, mtoto wa mfanyakazi mwenzake, na mdogo wake aliyetupwa na mama yao anampokea bila kusita. Hakosei! Kumwamini mtu asiyekosea kuna kazi gani? Na Lily anamjua tangu wakiwa vijana. Waliokuwa wanaomba mwendelezo mtandaoni, mpaka mwandishi aliyekuwa hana mpango wa kuuandika akautoa Oktoba 2022, walitaka zawadi, na zawadi wakapewa. Kitabu cha kwanza, It Ends with Us cha 2016, kilikuwa na uchungu wa kweli, kilitokana na maisha ya mama yake mwandishi. Hiki niliona kama peremende.

Ningeishia hapo. Lakini binamu yangu ana nakala halali, nikaiazima nisome zile kurasa zilizokosekana tu. Na sasa nasema wazi: yule muuzaji aliniuzia kitabu kisicho na kitabu ndani yake. Aliyoyakata huyo mchapaji wa uchochoroni ndiyo yenyewe.

Maana pale ndipo unapoona Atlas si tatizo la Lily. Tatizo ni Ryle, ambaye Lily hawezi kumfuta kwa sababu wana mtoto. Leo anacheka na Emmy, kesho anaingia mlangoni na sura ile. Lily anatakiwa amkabidhi mtoto wa kike, asiyeweza hata kusimulia alichotendewa, kwa mikono anayoijua. Mwishowe anamwekea masharti, ikiwemo kwenda kusaidiwa na hasira zake, na hazungumzi naye akiwa peke yake, ana watu nyuma yake. Niliirudia sehemu hiyo mpaka binamu akaanza kudai kitabu chake.

Mimi nina mtoto na nina mzazi mwenzangu. Hakuwahi kunipiga, sitaki asingiziwe, lakini kuvunja vitu alivunja. Mwisho wa wiki anakuja kumchukua mtoto. Nampangia kibegi, nguo, dawa ya kikohozi, ile kanga anayolalia, na wakati wote huo masikio yangu yako nje, nasikiliza baba yake anavyofunga mlango wa gari. Akiufunga taratibu, napumua. Akiubamiza, naanza kutafuta sababu, mtoto ana homa, kesho ana mtihani, chochote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, na baba ana haki ya kumwona. Sawa. Ila sheria haiwezi kuusikiliza ule mlango kwa niaba yangu. Hoover ameusikiliza. Sijawahi kukutana na hilo katika riwaya ya mapenzi, na nimesoma nyingi.

Na Allysa! Huyu ni dada wa damu wa Ryle, yaani wifi wa Lily, na bado anasimama na Lily. Nyinyi mnajua wifi zetu. Wangu aliniambia, "Kaka yetu ana hasira za kiume tu, vumilia." Allysa anampenda kaka yake na hamfichi. Kila alipotokea niliweka kitabu chini kidogo.

Nyota ngapi sasa? Nilisema moja. Nne, basi. Tatu na nusu, kwa sababu ya Atlas, bado ananiudhi kwa wema wake. Hapana, nne, hizo kurasa zinastahili. Atakayenunua barabarani asidanganywe na jalada: afungue katikati, afuate namba za kurasa mpaka mwisho akiwa bado ameshika hela yake. Na mwandishi akirudi tena kwa watu hawa, harusi zimetosha. Anipe kitabu kizima cha Allysa, anieleze ilikuwaje siku ya kwanza alipogundua kaka yake ni mtu wa namna gani, na alimwambia nini mama yao.