Baiskeli na watoto msitu wa Karura: uzoefu wangu baada ya kutafuta sana njia isiyo na magari

Nimekuwa nikiuliza kila mtu swali moja, mtoto wa miaka sita ataendesha wapi baiskeli hapa Nairobi bila mimi kukimbia nyuma yake nikipiga kelele "gari! gari!" mpaka sauti inakauka. Wazazi wenzangu wengi naona mnauliza hilo hilo, kwa hivyo wacha niandike vile imekuwa kwetu, pengine itamsaidia mtu.

Kwetu estate barabara ni moja na ni ya wote, magari, mikokoteni, bodaboda, watoto wa shule, mama wa mboga. Mwezi wa nne bodaboda ilimpita huyu binti yangu karibu hivi kwamba kioo cha pikipiki kiligusa usukani wake, hakuanguka, lakini alishuka akaiegemeza baiskeli kwa ukuta akaniambia mama sitaki tena. Wiki tatu hakuigusa. Mtoto ambaye alikuwa analala na helmeti kando ya mto! Iliniuma sana, nikasema hapana, lazima kuna mahali.

Tulijaribu kwanza hifadhi ya wanyama ya Hell's Gate, Naivasha, kwa sababu kaka yake ana miaka tisa na alikuwa ameisikia kwa wenzake. Ni pazuri mno, pundamilia wako hapo kando ya njia, twiga, zile kuta za mawe. Lakini kwa mtoto mdogo sishauri. Kutoka geti la Elsa mpaka korongoni ni kama kilomita 8, halafu kumbuka ni hizo hizo kurudi, jua linawaka na kivuli hakuna, na magari ya wageni yanapita njia ile ile mnayoendesha, kila moja likipita mnakula vumbi. Nyati pia wako. Kijana alifurahia kila dakika, huyu mdogo alimaliza safari kwenye karia ya baba yake akilia. Mngoje afike miaka tisa au kumi.

Ndio tukaingia Karura. Nilikuwa nimeenda huko mara nyingi kutembea na sikuwahi kufikiria baiskeli, sijui kwa nini. Msitu una hekta zaidi ya 1,000 katikati ya jiji, njia za ndani zinapita kilomita 50, na ukishaacha sehemu ya kuegesha magari karibu na geti, basi, magari yameisha. Mara moja moja utaona pikipiki au gari la askari wa msitu likienda pole pole. Wengine ni watu wa kukimbia, watu na mbwa wao, familia, waendesha baiskeli wakubwa ambao wengi wanapiga kengele mapema kabla hawajakufikia.

Ushauri wangu wa kwanza, pale kwa parking mwambie mtoto akokote baiskeli, asipande. Madereva wanarudi nyuma na mtoto mfupi haonekani kwa kioo. Mkishapita hapo ndio apande.

Sisi tuliingia kwa geti la Limuru Road. Kulipa ni kwa simu, hawachukui noti, kwa hivyo hakikisha una pesa kwa simu kabla hujatoka nyumbani. Baiskeli za kukodi ziko hapo, tulikodi zetu na ya kijana, ya mdogo tukabeba kutoka nyumbani kwa buti ya gari. Na hapa nisikilizeni vizuri: angalia breki wewe mwenyewe, usimwachie mtu, iwe umekodi, umenunua mpya au umepata mtumba. Ya binti yangu tuliinunua ikiwa inang'aa, na kwa ule mteremko wa kwanza tu niliona vidole vyake vimenyooka mpaka vimekuwa vyeupe na bado ule mkono wa breki hajaufikia vizuri, anaugusa na ncha za vidole tu! Nilikimbia nikamshika kwa jaketi. Fundi wetu wa mtaani alinionyesha baadaye, kuna skrubu ndogo pale kwa mkono wa breki, ukiikaza ule mkono unasogea karibu na usukani na kiganja kidogo kinaufikia. Dakika mbili tu. Siku hiyo hiyo akateremsha na kiti mpaka nyayo zote mbili zikagusa chini akiwa amekaa, na mtoto akawa mtu mwingine kabisa.

Njia zenyewe ni za udongo mwekundu na changarawe, pana, mtu mzima na mtoto mnaenda sambamba mkiongea. Kila makutano kuna nguzo yenye namba, na kwa geti kuna ramani, ipige picha. Hizo namba ndizo zilimrudisha binti yangu kwa baiskeli kuliko maneno yangu yote. Hajui kilomita ni nini, lakini namba anazijua, anaiona nguzo mbele anakanyaga pedali kwa nguvu, anaisoma kwa sauti, anamgeukia kaka yake, "nimeiona kwanza!" Kwa mtoto wa umri huu usiwaze umbali. Wazeni nguzo mbili tatu, mpumzike, mle kitu, mrudi. Sisi mara ya kwanza tulizunguka saa moja na kidogo pamoja na kusimama, na ilitosha.

Kitu cha kuangalia ni miteremko. Mto Karura umekata bonde ndani ya msitu, kwa hivyo njia yoyote inayoelekea mtoni inashuka, na kurudi ni kupanda, na hapo mtoto wa baiskeli isiyo na gia atashuka asukume, nawe utasukuma mbili. Kaeni njia za juu kwanza. Maporomoko ya maji yaendeeni kwa miguu, njia ya kushukia ina ngazi, na mapango ambayo wapigania uhuru wa Mau Mau walijificha yako upande huo huo wa mto, kijana wangu alikaa hapo akiuliza maswali mpaka nikachoka kujibu. Baba yao alibaki juu na baiskeli.

Chakula kifungeni kwenye begi lenye zipu. Kima wa Karura wanajua kikapu cha baiskeli ni nini. Ndizi yetu ilichukuliwa nikiwa nimeushika usukani kwa mkono mmoja. Plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi, bebeni chupa za maji za kawaida.

Tulipumzika chini ya mti mkubwa na kijana akauliza kwa nini hapa hakujajengwa manyumba kama kwetu. Nikamwambia ukweli, kwamba walitaka kujenga. Miaka ya tisini vipande vya msitu huu viligawiwa watu, na mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wakaja kupanda miti, na tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na genge la walinzi, Maathai akapasuliwa kichwa. Watoto walinyamaza. Binti akauliza kama alipona, nikamwambia alipona, na 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Halafu hata baada ya hapo watu waliogopa kuingia huku kwa sababu ya wizi, mpaka jamii inayouzunguka msitu ikaungana na serikali, uzio ukawekwa, askari wakaajiriwa. Mimi mwenyewe nikiwa msichana tuliambiwa usithubutu kupita Karura peke yako. Saa hii mwanangu anajifunza baiskeli hapo, na kusema kweli macho yalinilenga machozi nikiwaza hivyo.

Natamani tungekuwa na zaidi ya hapa. Kigali wanafunga barabara kadhaa asubuhi za Jumapili fulani, tangu 2016, watu wanatoka na watoto na baiskeli bure kwenye lami. Si kila familia ya Nairobi ina nauli na kiingilio cha watu wanne kila mwezi, na mtoto wa mtaa wa Kayole anataka kuendesha sawa na wangu. Hata barabara moja kwa kila wadi, Jumapili kwa masaa matatu tu, ingebadilisha mengi.

Tumeenda mara tano sasa. Nendeni asubuhi mapema, saa mbili mkiwa ndani, kabla hakujajaa. Na mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisheni, ule udongo mwekundu unashika tairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu haligeuki, mtoto anakata tamaa bure. Ikiwapata mkiwa ndani, tafuteni kijiti mkwangue hapo hapo kabla haujakauka, ukikauka ni nyundo.